Mintarafu Ngeli Zilizovunjwa Sebuleni Kwangu

Wusi, Taita

Kwa Mzee Kimanzi,
Muuza vitunguu, sokoni Voi.

Mzee mwenzangu,

MINT: UHARIBIFU WA KISWAHILI WAKATI WA POSA

Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na mkeo Nduku, pamoja na wale mbuzi uliorudi nao. Mimi ni Mwalimu Crispus Mwandawiro, mstaafu, baba yake Elsie, ambaye mwanao Mbuvi anataka kumwoa. Najitambulisha upya kwa sababu siku ile uliondoka bila kuaga, na huenda umeamua kunisahau. Nina malalamiko kuhusu hiyo lugha yenu ya soko la Voi, ambayo kwa heshima naikubali kuwa lugha, kama vile kibanda kinavyokubalika kuwa nyumba mvua ikinyesha.

1. Haina ngeli. Sisi wenye Kiswahili tumejitahidi kumpa kila mtu na kila kitu mahali pake. Nyinyi mnatia vyote katika gunia moja: hii mzee, hii kitunguu, hii mvua. Nimefundisha hadi nikaota mvi, halafu nikishuka Voi naitwa "hii mwalimu", sawasawa na fungu la sukumawiki. Sielewi mtu atajuaje mkubwa ni nani.

2. Haina wakati. "Sisi nakuja" kwenu ni jana, leo na kesho. Kinachokera zaidi ni kwamba mlisema "sisi nakuja asubuhi" na asubuhi mkafika kweli, ilhali ndugu zangu walioahidi kwamba "watakuwa wameshawasili" walikuta sufuria zinaoshwa. Watu wasio na wakati katika lugha yao hawana ruhusa ya kufika mapema.

3. Inaambukiza. Mke wangu nilimwoa akiwa na Kiswahili safi. Sasa anapeleka kabichi Voi na kurudi akiniambia "chakula iko". Mchungaji wetu naye, alipoombea mvua, alisema, "Mungu, kumbuka hii watu yako," na mvua ikanyesha kabla sijapata nafasi ya kumsahihisha. Nahofia hata huko juu wamezoea.

4. Sasa nafika kwenye kiini. Mlikuja na mbuzi watatu, kama ilivyo desturi yenu Wakamba, mkawafunga kwenye mparachichi wangu. Ukasimama sebuleni, kofia mkononi, ukasema: "Sisi tumekuja juu ya mtoto yenu. Kijana yetu anapenda yeye. Hata sisi tunapenda yeye. Na sisi tutachunga yeye..." Hapo nikakukatiza. Nilikuomba kwa upole urudie vizuri: mtoto wenu, anampenda, tutamchunga. Ukarudia. Nikawaomba wazee wote uliokuja nao wasimame warudie kwa pamoja, kwa sauti, kama darasa la nne. Sioni kosa langu. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, hakuna mwanafunzi aliyewahi kufungua mbuzi akaenda zake.

5. Tangu siku hiyo Elsie, ambaye alizoea kunichekesha kwa hiyo hiyo lugha yenu, hazungumzi nami ila kwa Kiswahili sanifu. "Baba, chai yako imekwisha kumiminwa." "Baba, ninakutakia usiku mwema." Hana kosa hata moja. Nimelitafuta. Ananisemesha kama karani wa benki anayemnyima mtu mkopo, na mimi nasikia uchungu, wala chakula hakipiti. Hili nalo limeletwa na lugha yenu, kwani lingeletwa na nini kingine?

Kwa hiyo nadai kwamba, kabla posa haijazungumzwa tena, wewe na wazee wako mpande huku Wusi mfanye mtihani wa ngeli chini ya usimamizi wangu. Atakayefeli atasubiri nje na mbuzi. Mbuzi wenyewe nimewasamehe mtihani, maana siku ile wao hawakukosea neno. Mbuvi naye alete insha ya ukurasa mmodi kuhusu sababu za kumpenda binti yangu, na azingatie aya.

Nisalimie mkeo, Mbuvi, wazee wote wa msafara wako, na wauza nyanya wanaopakana na kibanda chako.

Ni mimi, nisiyetetereka katika ufasaha,
Mwalimu Crispus Mwandawiro

Baada ya sahihi:

Mzee Kimanzi, hii barua Elsie amesoma. Ameenda jikoni, analia, na mama yake iko na yeye huko. Mimi nimekaa hapa peke yangu na hii kalamu.

Hiyo maneno ya mtihani achana nayo. Kuja Jumamosi. Kama mbuzi umeuza, kuja tu mikono mitupu. Wewe ongea vile unaongea, ongea mpaka umalize, mimi nitanyamaza. Mtoto ni moja tu niko naye. Nataka kusikia vile nyinyi mtachunga yeye.