Zawadi Niliyompelekea Elibariki

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu. Nimerudi nyumbani, nimejifungia chumbani, na ninaandika haya kabla hamjayasikia kwa watu wengine. (Mtayasikia tu. Mwalimu Shabani alikuwa anarekodi.)

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa hesabu katika sekondari moja hapa Moshi. Miaka kumi na mbili nashika chaki. Wanafunzi wananiita Madam nikiwa karibu. Nikiwa mbali sijui wananiitaje, na sitaki kujua.

Sasa, kuna chama cha hiari kinaitwa Soka na Kitabu. Tawi lake la Moshi kila mwaka linawapongeza vijana wa sekondari wanaocheza mpira vizuri na bado wanafaulu darasani. Mwaka huu aliyeongoza ni kijana wetu, Elibariki, beki wa kushoto, mtoto wa kule Masama. Kamaliza kidato cha nne na divisheni wani. Hesabu kapata A. A ya hesabu, jamani! Hiyo A ni yangu kama ilivyo yake. (Ndivyo nilivyokuwa nawaambia watu tangu matokeo yatoke. Kwenye foleni ya benki. Kwenye kwaya. Muuza maparachichi nimemwambia mara mbili.)

Wiki iliyopita nikapokea mwaliko. Kila kijana alichagua mwalimu mmoja wa kumsindikiza, na Elibariki kanichagua mimi. Nitakaa mbele, nitasema maneno mawili, nitamkabidhi zawadi. Halafu Mwalimu Shabani, mwalimu wetu wa michezo, akaninong'oneza kwamba tawi linatafuta mwalimu wa kuingia kwenye kamati. Nikajiambia: mama, nafasi ndiyo hiyo.

Nikashona gauni la kitenge. Nikasuka. Nikaandika hotuba ya kurasa tatu. Nikakumbuka kila kitu isipokuwa zawadi.

Leo saa mbili asubuhi, sherehe saa nne, ndipo nikaikumbuka! Nikakimbilia duka la vifaa vya michezo. Limefungwa, mwenyewe kaenda msibani Kahe. Nikasimama pale barabarani na kitenge changu, natoka jasho. Kisha nikapata wazo. (Mawazo yanayokuja ukiwa unatoka jasho myaogope.)

Ofisini kwangu shuleni kuna boksi la vitu nilivyowanyang'anya wanafunzi. Nikalipekua. Chini kabisa, mpira! Wa ngozi, umesinyaa kama embe la msimu uliopita, lakini mzima. Ulikuwa na madoa ya njano na maandishi ya kalamu nene yaliyofifia. Sikuyasoma. Miwani ilikuwa kwenye pochi, na pochi ilikuwa mbali. (Hatua nne.)

Nikajisemea kwamba mwenyewe lazima keshamaliza shule. Hapo nilikuwa sahihi kabisa.

Nikaupeleka kwa fundi baiskeli aliye nje ya geti.

"Madam, huu umekula chumvi," akasema.

"Wewe jaza upepo."

Akajaza. Nikaufuta kwa kitambaa kibichi, nikaona bado unatia huruma. Nikachukua ile rangi nyeupe ya kupaka raba, nikaupaka mpira mzima mara mbili. Nikauanika juani dakika kumi. Ukang'aa kama meno ya bandia! Nikaufunga kwa karatasi ya maua, nikapanda bodaboda mpaka ukumbini Rau.

Ukumbi umejaa. Vijana wamevaa jezi na tai, wazazi wamependeza, pilau inanukia huko nyuma. Elibariki kaja na bibi yake, aliyemlea tangu mdogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu?"

"Ndiye mimi."

"Aika. Asante sana. Huyu mtoto alikuwa anakutaja kila siku."

Nikavimba. (Sikuuliza alikuwa ananitaja kwa lipi.)

Mgeni rasmi alikuwa mwenyekiti wa tawi, Mzee Temba, ndani ya suti nyeusi. Zamani alikuwa mshambuliaji wa kupiga vichwa, na hakuna shughuli inayokwisha bila yeye kulikumbusha hilo.

Zamu yangu ikafika. Nikashika maikrofoni, nikayatoa yale maneno mawili kwa dakika kumi na moja.

"Nilijua tangu mwanzo kwamba mpira na kitabu ni ndugu!"

Makofi.

"Mwalimu wa kweli hamnyang'anyi mtoto kipaji chake!"

Makofi, vigelegele. (Sentensi hiyo nilikuwa nimeipigia mstari kwa wino mwekundu. Nimeikuta kwenye karatasi sasa hivi, nimeichana.)

Nikamkabidhi Elibariki zawadi. Akaifungua. Akautazama mpira. Akauzungusha. Kidole gumba kikasimama mahali fulani kwenye mshono, kikarudi nyuma, kikasimama tena. Akainua macho, akaniangalia.

"Madam..." akasema kwa sauti ndogo.

"Pokea, mwanangu. Unaustahili."

Kabla hajajibu, Mzee Temba kasimama. "Hebu uje huku huo!"

Akaurusha juu, akaanza kuupiga kichwa. Moja! Ukumbi ukashangilia. Mbili! Tatu! Mwenzenu nikaanza kusali, maana joto la Moshi mnalijua, mzee alikuwa amelowa jasho, na rangi ya raba haipatani na maji. Kufika kichwa cha tano, paji lake la uso lilikuwa jeupe pe, kola nyeupe, tai nyeupe. Watu wanacheka. Yeye anadhani wanamshangilia, anazidi kupiga!

Mwishowe akaudaka, akaona viganja vyake. Akatoa leso, akaufuta mpira taratibu. Rangi ikatoka. Chini yake kukawa na maandishi.

Mzee Temba ana macho mazuri. Mzee Temba pia alikuwa karibu na maikrofoni.

"'Mali ya Elibariki, Kidato cha 3B,'" akasoma, kwa sauti yake ile ya kusomea matangazo kanisani. "'Ukiuokota, rudisha. Usiporudisha, Mungu anakuona.'"

Vijiko vya kule kwenye pilau vikasimama.

Akanigeukia na lile paji jeupe. "Mwalimu, huu umeununua duka gani?"

Nikapekua hotuba yangu, kurasa zote tatu, kana kwamba jibu limo humo.

Ghafla bibi akasimama.

"Elibariki! Si ulisema uliangukia mtoni?"

"Bibi..."

"Niliuza jogoo wangu kukununulia mpira ule! Nikakuchapa kwa kuupoteza!"

Elibariki, divisheni wani yote ile, akaangalia viatu vyake. "Nilinyang'anywa shuleni, bibi. Ningekwambia, ungeniuliza nilifanya nini."

"Ulifanya nini?"

Mzee Temba, mtu asiye na huruma hata chembe, akaniletea maikrofoni mpaka mdomoni. "Mwalimu, alifanya nini?"

Hapo ndipo nikakumbuka yote. Yale madoa ya njano nikayaelewa.

"Aliupiga ukapita dirisha la ofisi ya walimu," nikasema. "Ukatua kwenye sufuria la makande."

"Makande ya nani?"

"Yangu."

Jamani. Ukumbi ulipasuka! Mama mmoja alijifunika kanga usoni, mabega yanamtikisika. Mwalimu Shabani alianguka kutoka kwenye kiti, simu juu, bado anarekodi.

Mimi nilitamani sakafu ifunguke. Lakini nilipomtazama Elibariki aliyekuwa akifuta viganja kwenye suruali yake nzuri, kicheko cha watu kikaacha kuniuma, kikaniuma kitu kingine. Mtoto kala viboko kwa mpira uliokuwa umelala ofisini kwangu. Nikaishika ile maikrofoni mwenyewe.

"Elibariki, nisamehe. Nilikuahidi kukurudishia Ijumaa, nikasahau."

"Si kitu, Madam," akasema, kwa adabu zake zote. "Hukusema Ijumaa ipi."

Watu wakalala chini! Yeye hata hakutabasamu. Akaendelea: "Na kwa sababu sikuwa na mpira, jioni zile nilikuwa nafanya hesabu."

Nikaruka. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe!"

"Keti, mwalimu," akasema bibi.

Nikaketi.

Nilidhani yamekwisha. Mzee Temba akapanguza uso, akazidi kuisambaza rangi hadi masikioni, kisha akawageukia wajumbe wa kamati.

"Ndugu zangu, tawi hili linapoteza mipira kila msimu. Huyu mama katunza mmoja kuanzia kidato cha tatu mpaka leo, na kaupaka rangi juu. Nani anaunga mkono awe mtunza vifaa?"

Mikono ikapanda ukumbi mzima. Bibi alinyoosha yote miwili.

Kwa hiyo ndiyo, nimeingia kwenye kamati. Nimekabidhiwa ufunguo wa stoo, pampu ya upepo na daftari. Elibariki alinisindikiza mpaka nje, akasubiri nipate bodaboda, akasema, "Asante kwa kuja, Madam," kisha akakimbilia uwanjani na wenzake, wakirushiana ule mpira, viganja vyeupe wote kama waokaji mikate.

Naombeni sana msinicheke. Mume wangu anacheka tangu saa nane mchana, kazima hadi redio ili acheke vizuri, na anatosha kwa niaba ya ukoo mzima.