Funguo Ambazo Hazikuwa za Tshilombo

Jumapili moja, misa ya pili ilipokwisha pale Kapata, mtaa wa wachimba shaba, Tshilombo aliiona riziki yake imepangwa mstarini mbele ya parokia. Zilikuwa skuta kumi na moja, nyingi zikiwa Vespa, na wenyewe walikuwa wakizipiga teke ziwake. Wanaume waliotoka kupokea komunyo muda huohuo walilowa jasho ndani ya abakosti zao, zile koti zisizovaliwa tai. Karani mmoja wa kampuni ya shaba aliisukuma yake hadi kona ya pili, ikakohoa, ikanyamaza, na karani akatamka neno ambalo katekista hakumfundisha.

Tshilombo alitikisa kichwa kwa huruma. Watu wa Kapata walijinyima mpaka wakapata skuta, kisha wakagundua kwamba hata kubadilisha buji, kile kidude kidogo kinachotoa cheche, ni lazima wamwite fundi aje na funguo zake na bei yake. Kila mtu alikuwa na mashine, wala hakuna aliyekuwa na kifaa cha kuifungulia.

Kabla serikali haijakataza majina ya ubatizo na kuamuru watu waitane citoyen, yaani raia, bwana huyu aliitwa Stanislas. Wengine walilia jina lilipoondolewa. Yeye alikuwa ameshabadilisha jina mara tatu kwa hiari yake, Likasi, Kamina na Lubumbashi, kila mara kwa haraka kidogo, hivyo akaona serikali nayo imeanza kupata akili.

Mali yake ya kweli hapa duniani ilikuwa moja tu: mkunjo wa ngozi wenye funguo za nati tisa, bisibisi mbili na koleo, chuma cha Ujerumani kabisa, alioupata kwa Mgiriki aliyekuwa anafunga duka aende kwao. Tshilombo aliupenda mkunjo ule. Kila asubuhi alivipangusa vifaa vyake kwa mafuta, kimoja kimoja, na mwanamke aliyewahi kuishi naye aliondoka akisema hawezi kuwa mke wa pili baada ya koleo.

Basi akafanya hivi. Alikwenda kwa mhunzi mmoja nje ya mji, akaagiza funguo za chuma cha vitanda vikuukuu, laini kama muhogo uliolowekwa, akazichovya katika mafuta meusi zikapendeza. Kisha akazigonga namba, mfano wa zile zinazogongwa kwenye vyombo vya karakana ya kampuni, na namba hiyo akaikwangua nusu, kama mtu aliyetaka kuificha akashindwa. Kila mtu Kapata alijua kwamba chombo chenye namba hakivunjiki, na pia kwamba hakitakiwi kuonekana nyumbani kwa mtu. Mnunuzi angeamini anapata mali ya wizi, chuma bora kwa bei ya karanga, na mwenye kununua mali ya wizi hana pa kupeleka malalamiko.

Ili mfano ufanane na bidhaa, alizigonga namba ileile hata funguo zake za Kijerumani. Moyo ulimuuma, lakini kazi ni kazi.

Jumamosi iliyofuata alisimama uani kwenye nyumba aliyopanga, mbele ya meza, akafundisha, akiinua kila kifaa alichokitaja: funguo, bisibisi, koleo.

"Batata na bamama, musinunue caisse nzima ya bifaa! Vespa haiombi bitu mingi. Fungula ya nane, ya kumi na moja, ya kumi na tatu, ya kumi na ine, ile ya bougie, turnevis mbili na pince moja. Kwisha! Mwenye kukuuzia bitu makumi tano anataka kula feza yako. Na muangalie kinywa ya fungula: kama inacheza juu ya nati, itakula nati, na kisha utalia."

Lazima nikiri kwamba yote hayo yalikuwa kweli tupu. Ningekuwa na skuta, ningemsikiliza. Kisha alichukua ufunguo wa Kijerumani, akaubana kwenye nati ya bomba la chuma, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote, miguu hewani. Ufunguo haukujipinda hata kidogo. Watu wakaguna. Mkono wake mmoja ukaurudisha ufunguo chini ya meza, na wa pili ukafunga katika gazeti ndugu yake wa chuma cha kitanda.

Karani aliigusa ile namba kwa kidole, akashusha sauti. "Tata, hii bitu inatoka wapi?"

"Citoyen, mwenye njaa anauliza bukari mu sahani yake inatoka mu shamba ya nani?"

Karani akacheka, akanunua seti mbili. Siku ile meza ilibaki tupu.

Miongoni mwa walionunua alikuwa Mama Kabedi, mjane wa mchimbaji, aliyerithi Vespa ya marehemu na kuwaziba midomo waliosema itauzwa. Kila alfajiri aliipanda mwenyewe mpaka Nzilo, kwenye maji ya bwawa, akarudi na kapu la samaki wabichi nyuma yake. Skuta ikifika, nyumba inakula. Skuta ikilala njiani, samaki wananuka na nyumba inalala njaa.

Siku tano baadaye alirudi kwa Tshilombo kwa miguu, akanusika kabla hajaonekana. Mkononi alishika ufunguo wa buji uliojikunja kama kidole kinachoita mtu.

"Tata, hii fungula yako imekufa mu njia. Samaki yangu yote imeoza."

Tshilombo alikuwa na jibu lake tayari, hata alikuwa amelifanyia mazoezi. "Pole, mama. Unaweza kwenda kushitaki. Lakini utasema nini? Kama ulinunua kitu ya kampuni, kitu ya bwizi? Batakufunga weye mbele."

Mama Kabedi hakupiga kelele. Alifunga kitenge chake vizuri kiunoni, akasema, "Njo vile, ni kweli. Basi sitasema mubaya yako. Nitakusifu tu, tata."

Na kweli alimsifu. Alimsifu sokoni, alimsifu kwenye mkutano wa akina mama wa parokia, alimsifu mbele ya kantini kwa sauti ya mtu anayeuza samaki: "Fungula ya Tata Tshilombo ni ya atelier ya kampuni, ya kweli! Namba iko juu! Mukawahi!" Watu walikuja hata kutoka mjini. Tshilombo alifurahi, akamwambia mhunzi aongeze moto, akajisemea kwamba mjane yule amejaa hekima. Sifa hizo zingemnyima mtu mwingine usingizi, lakini yeye alilala fofofo.

Jumamosi ya tatu, saa sita mchana, ua ukiwa umejaa wanunuzi, aliingia mwanamume mrefu mwenye kofia ya kepi, kaki iliyopigwa pasi na vifungo vinavyong'aa, na daftari kwapani. Watu wakampisha.

"Garde ya kampuni," alisema. "Mwenye hii bitu ni nani?"

Vidole kumi vilimwonyesha Tshilombo. Mwenye kepi alichukua ufunguo mmoja mezani, akasoma namba, akafungua daftari, akafuata mstari kwa penseli, polepole. "Mm. Ni ya atelier yetu. Citoyen, weye ni mwizi. Unajua ni miaka ngapi?"

Hapo ndipo Mama Kabedi alipotoka katikati ya watu, kitenge kimemfunika kichwa mpaka machoni. Aliuweka chini ule ufunguo wake uliojikunja, hatua mbili kutoka kwa yule mwanamume, akageuka upande, akaondoka. Mwenye kepi alisubiri mpaka alipokwenda ndipo akauokota. Hawakutazamana hata mara moja. Tshilombo alidhani mama anaogopa, na kwa kweli hakuwa na nafasi ya kudhani zaidi, kwa sababu wokovu wake ulikuwa umelala mkononi mwa mlinzi.

"Chef! Mkubwa! Angalia! Imejikunja! Fungula ya kampuni inajikunja? Hii yote ni bongo, chef, uongo mutupu, mi mwenyewe naliandika namba! Ni chuma ya bitanda!" Akanyakua ufunguo mezani, akauegemeza gotini, akaukunja. Akakunja wa pili. Akakunja wa tatu, jasho likimtiririka, akiapa kwa jina la mama yake kwamba yeye si mwizi, ni mdanganyifu tu. Karani alikuwa amefungua mdomo.

"Bon," alisema mwenye kepi. "Naona. Na hii je?" Aliinama chini ya meza, akatoa mkunjo wa ngozi.

Mwenye kepi akachomoa ufunguo wa kumi na tatu, akausoma namba, akampa. "Kunja."

Tshilombo alijaribu. Mungu anajua alijaribu. Alisukuma mpaka gotini pakavimba, na Ujerumani yote ikamkatalia.

"Hii haijikunje. Basi hii njo ya atelier ya kweli. Ni yako?"

"Si yangu, chef."

"Iko chini ya meza yako."

"Nilikuta tu pale. Siijue."

"Batu yote banasikia? Si yako?"

"Naapa, sijapata kuiona!"

Kwa jirani jogoo aliwika, na wanakwaya wawili waliokuwa pale wakatazamana. Mwenye kepi aliukunja mkunjo, akauweka kwapani pamoja na daftari, akaondoka kwa hatua za polepole. Tshilombo aliufuata kwa macho mpaka ukapotea, na machozi yakamtoka kweli, si ya kazi. Hakupewa muda wa kulia vizuri. Funguo zilikuwa zimethibitishwa kuwa si za wizi, kwa hiyo midomo ya wanunuzi ilifunguka yote kwa mara moja. Aliacha pale kila kilichokuwa mfukoni, saa, godoro na kiatu kimoja.

Baada ya siku mbili alikuwa anatembea njia ya Nzilo, akielekea popote ambapo jina lake halijafika. Kwenye kona alikuta Vespa imesimama, kapu la samaki nyuma, na Mama Kabedi amepiga magoti kando ya gurudumu. Karibu naye alichutama mwanamume mrefu mwenye kaki ileile. Safari hii Tshilombo aliweza kusoma vifungo vyake: vilikuwa vya reli.

Juu ya majani ulitandazwa mkunjo wa ngozi. Mwanamume alitoa ufunguo wa buji, lakini hakumpa mama mkononi. Aliuweka juu ya jiwe, akageuza uso, na mama akauchukua naye akiwa ameangalia pembeni. Tshilombo, mtoto wa Kasai, aliyefundishwa adabu hiyo kabla hajajua kujifunga suruali, akapiga paji la uso. Mkwe! Ni mume wa binti yake! Hakuna watu wawili wanaokwepana macho namna ile duniani ila mama mkwe na mkwewe, na yeye alikuwa ameyaona yote uani kwake akasema ni woga.

"Ah, Tata Tshilombo!" Mama Kabedi alimwita kwa furaha. "Huyu ni Mukalay, anatumika kazi mu gare ya reli kule Tenke. Alikuya kutuona." Kisha akapitisha kiganja juu ya funguo, taratibu. "Tata, hii bitu unaijua?"

Mukalay alinyanyua daftari kutoka kwenye majani, akalifungua, akasubiri. Wauza samaki wengine wawili walikuwa wanakaribia.

Tshilombo alizitazama funguo zake. Zilikuwa zimepanguswa kwa mafuta vizuri, moja moja, na namba ya kampuni aliyoigonga mwenyewe bado ilisomeka juu yake.

"Hapana, mama," alisema. "Siijue."

"Njo vile. Lakini weye ni mwalimu. Nati ya hii gurudumu inaomba fungula ya ngapi?"

"Kumi na tatu, mama."

Mama Kabedi akautwaa wa kumi na tatu, akaujaribu. Ulikamata nati, haukucheza hata kidogo. "Unaona?" alimwambia mkwewe, akiwa ameyaelekeza macho yake kwenye samaki. "Mi nilisema. Huyu tata, kama ni kufundisha, hana bongo, ni kweli tupu."