Wimbo wa Kumjibu Nusura Haupatikani

Saint-Josse, Brussels
Ijumaa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Malalamiko,
Kampuni ya Nyimbo za Simuni.

Mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na wote wa ofisini wazima. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hasira yangu haijui Kifaransa. Brussels hii hata kibao cha mtaa kina lugha mbili. Ya tatu haitamuua mtu. Mtafuteni wa kutafsiri.

Mimi ni Rukiya, mtu wa Tanga, mteja wenu wa miaka mitatu. Jumatatu asubuhi nilipigwa kijembe kwa wimbo wa taarabu, na wimbo wa kujibia mmeufungia ninyi. Leo Ijumaa, bado sijajibu. Kwetu mtu akipigiwa wimbo hajibu kwa maneno, hujibu kwa wimbo. Akinyamaza, basi amekubali.

Aliyenipiga ni Nusura, jirani yangu wa ghorofa ya juu. Chanzo sitakificha. Jumamosi, saluni ya Galerie d'Ixelles, nilisema, tena kwa nia njema, kwamba zipo nyumba sahani ya mtu ikiingia haitoki. Sikutaja jina. Ni kweli sahani yangu ya maua, niliyompelekea biriani siku ya Idi, ilikuwa bado iko kwake, lakini jina sikutaja! Jumatatu nasikia huko juu kunalia wimbo wa mwanamke mwenye mdomo usio na komeo. Mara ya kwanza nikasema labda. Mara ya nne nikazima jiko.

Nikashika simu nitafute dawa yake, maana dawa ya moto ni moto. Upo wimbo wa kwetu juu ya jirani anayeijua njia ya kuja kuazima na kuisahau ya kurudisha. Simu ikaniandikia: haupatikani katika nchi yako. Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Nchi yangu ipi? Manispaa ilinizungusha na makaratasi miaka sita kabla ya kukubali kwamba hapa ni kwangu. Ninyi mmenikubalia kwa sekunde moja, ahsanteni sana, kisha papo hapo mkaninyima wimbo. Na wa Nusura unapatikana! Tunakaa nyumba moja, ngazi moja, pipa la taka moja. Yeye yuko nchi gani?

2. Niliwaandikia siku hiyo hiyo. Kabla sijaweka simu chini, Bi Élodie wenu akanijibu kwamba anaelewa masikitiko yangu, ila ni mambo ya hakimiliki. Nikamweleza habari ya sahani yote, tangu Idi. Akaelewa tena. Nikamuuliza kama ameolewa, akaniletea maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Binti ana adabu, lakini mnamchosha: saa yoyote nikiandika yuko kazini.

3. Mdogo wangu kule Tanga, ambako wimbo unapatikana, akaupiga uani kwa mama na kuurusha mubashara kwenye ukurasa wa familia, ambao Nusura huutazama. Mashine ya kulinda hakimiliki ikakata sauti. Tena haikuchagua, ikamkata na jogoo wa mama aliyekuwa anawika. Jogoo yule tumemlea wenyewe tangu kifaranga. Hana mkataba na kampuni yoyote.

4. Nikasema basi, nitauimba mwenyewe. Nikasimama ngazini, nikaupandisha. Kumbe ninachokijua ni kiitikio tu, beti zimeniponyoka. Nilipokirudia mara ya tatu, Mansour wa ghorofa ya chini akapanda mbio na chai ya mnanaa na dawa ya kifua. Aibu gani hiyo, Mheshimiwa?

5. Gazeti la hapa likikutaja vibaya, nimeambiwa, sheria inakupa haki ya kujibu. Wimbo je? Mnauza kiatu cha kushoto, cha kulia mmekifungia stoo. Naomba kuanzia sasa kila wimbo wa kijembe uuzwe pamoja na jibu lake.

6. Mkikataa hilo, tugawane haki. Mtunzi ana haki yake, mwimbaji ana yake, mpiga fidla ana yake. Na aliyepigwa? Bila mimi wimbo ule Jumatatu ungempata nani? Nadai hakimiliki ya mlengwa, na Nusura asiupige tena bila ruhusa yangu ya maandishi.

Msidhani nafanya mchezo. Huyu Nusura ndiye aliyekaa nami hospitali siku nne nilipopasuliwa, akaninywesha uji kwa kijiko. Keshokutwa kuna harusi Molenbeek, na meza yetu ni moja. Nikimjibu, tutakuwa sare, tutacheka, yataisha. Nisipomjibu nitahamia meza nyingine, na hapo miaka kumi na miwili ya ujirani ndiyo imekwenda. Roho inaniuma, nasema kweli.

Nisalimieni wote hapo ofisini, na walinzi wa mlangoni. Bi Élodie mpeni likizo.

Ni mimi, niliyechapwa na fimbo ya kurudishia nikanyimwa,

Rukiya

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha, mlango ukagongwa. Nusura! Na sahani yangu, imejaa visheti. Kumbe alikuwa anangoja iliki kutoka kwao, maana sahani ya mtu hairudishwi tupu. Na mimi mtu wa Tanga nimelisahau hilo! Akaniuliza kama kifua kimepona, Mansour kamwambia. Kisha akaanza kuwalalamikia ninyi: tangu Jumatatu kila wimbo anaoutaka haupatikani katika nchi yake, ila huo mmoja wa mdomo na komeo, ambao simu inaupiga yenyewe na yeye hata haupendi. Habari za saluni hajazisikia. Nawaomba msimfikishie.

Kwa hiyo malalamiko yote sita nayafuta. Mafuta mtakayoyaona kwenye bahasha ni ya visheti viwili, vya Bi Élodie. Na wimbo wangu tafadhali msiufungue, uongezeeni kufuli la pili. Ungefunguka Jumatatu ile ningeupiga mpaka dari litikisike, na leo visheti hivi ningevila na nani?