Ufunguo wa Duka la Mikate

3 Juni, Jumatatu
Mama mkwe ametangaza: magoti yamechoka. Jumamosi atakabidhi ufunguo wa duka lake la mikate. Kwangu, au kwa shemeji, dada mdogo wa mke wangu, anayefungasha mikate. Lazima uwe wangu! Mimi hukanda unga hadi mabega yanalia. Mwenye ufunguo husimama kaunta, mikono mikavu, anaitwa bosi.

4 Juni, Jumanne
Nimepekua kamusi kubwa ya mke wangu, mwalimu wa Kiingereza. Ajabu! Neno “lady”, hilo la mabibi wakubwa wanaotawala, zamani sana lilimaanisha mwanamke anayekanda mkate. Na “lord”, bwana mkubwa? Mlinzi wa mkate! Mungu hamtupi mja wake.

5 Juni, Jumatano
Nimempa shemeji habari hizo kwa heshima zote. Nikamwambia hadhi yake iko kwenye unga; mwanamke wa cheo hasimami kaunta kupigiwa kelele na wateja. Mimi, kwa unyonge wangu, nitajitolea kuilinda mikate kule mbele. Akauliza kama nina homa. Kisha akafunga aproni, akakanda. Amenasa!

6 Juni, Alhamisi
Mikate ya shemeji imeumuka kama mito ya kulalia. Wateja wanasifu. Mmoja akauliza yale matofali ya zamani yalikuwa kazi ya nani. Nikasema hamira ilikuwa mbovu. Imeniuma kidogo.

8 Juni, Jumamosi
Mama mkwe kaniita mbele ya wote. Akasema shemeji amemweleza mambo ya kamusi, naye amefurahi mno: kumbe hata Waingereza wa kale walijua mkuu ni yule mwenye mikono ndani ya unga. Ufunguo akampa shemeji! Nikauliza kwa sauti ndogo, na “lord” je? Akasema, mkwe wangu, haki yako siwezi kukunyima. Nimepewa kigoda mlangoni, nilinde mikate dhidi ya nzi na paka wa jirani yetu fundi cherehani. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Halafu akanikatia kipande cha pembeni, cha moto, ninachokipenda. Watu hawa wabaya, lakini nawapenda.

9 Juni, Jumapili
Paka kanishinda mara mbili. Nimerudi kwenye kamusi. “Kampuni”: asili yake ni watu wanaokula mkate pamoja. Na mimi nakula mkate wa mama mkwe tangu siku ya posa! Basi duka ni letu sote. Safari hii simwambii shemeji ng'o. Nimemwambia dada yake tu, naye ameapa kunyamaza.