Mashine ya Kijani ya Injinia

Injinia hakuwa injinia. Jina alijipa mwenyewe siku aliponunua kofia ngumu ya njano, na mji ukampokea hivyo hivyo. Aliposikia kijiji cha bondeni kimepiga marufuku kukata miti, viganja vikamwasha. Akaingia kwenye bucha la shemeji yake, kaka wa mkewe, akaazima mashine ya kusagia nyama bila kumsumbua mwenyewe kwa kumwomba, akaipaka rangi ya kijani. Shemeji alikuwa mnadani, na ana mkono wa kuvunja mifupa. Ingebidi mashine nyingine ipatikane kabla hajarudi.

"Akina mama," alinguruma katika uwanja wa kijiji, "nyasi mnazo tele! Mashine hii inameza nyasi, inatapika mkaa."

Akashindilia nyasi juu, akazungusha mkono wa mashine. Vikadondoka vipande vitatu vya mkaa wa mti, alivyovificha mdomoni mwa mashine asubuhi.

Mama Mwenyekiti, mpishi wa shule, alikinusa kimoja kwa makini. "Makubwa haya! Baba, hela hatuna. Utapokea magunia sita ya mkaa?"

"Nitaumia, lakini nawaonea huruma." Moyo ulikuwa unampasuka kwa raha. Kwa kujihami akaandika hati mbele ya wote: mashine ni yao, hairudishwi, kwa sababu yoyote ile.

Alipofika mjini na magunia, kumbe shemeji alikwisharudi, amefura.

"Mashine yangu iko wapi?"

"Wezi, shemeji! Nimekuletea mkaa wa kukupoza."

Shemeji akawasha jiko la kuchomea nyama. Mkaa ulishika, ukawaka kimya, bila moshi. "Huu ni mkaa gani? Nataka mwingine!"

Injinia alivunja kipande. Ndani mlikuwa na mabua ya nyasi. Maskini, uongo wake ulikuwa kweli, na yeye ndiye pekee aliyekuwa hajui!

Akarudi bondeni mbio. Akina mama walikuwa wanaunguza nyasi kwenye pipa, wanazikanda na uji wa muhogo ili zishikane, na ile mashine ya kijani inatoa vijiti vya mkaa vilivyonyooka.

"Zamani tulifinyanga kwa mikono hadi ikachubuka," alisema Mama Mwenyekiti. "Tulikosa mashine tu. Mungu akubariki."

"Mama, nirudishie! Shemeji ataniua!"

Akafunuliwa hati. "Mwandiko si wako huu?"

"Na vile vipande vyangu... mlijua?"

"Tulivichemshia chai, baba. Ukitaka mashine ya shemeji yako, zungusha mkono. Ukitimiza magunia sitini, tutamnunulia mpya."

Akazungusha. Siku ya tatu viganja vilijaa malengelenge, na rangi ya kijani ikaanza kubanduka. Hapo ndipo shemeji, aliyeulizia mkaa ule hadi bondeni, alipofika na mkokoteni kuununua. Aliitazama mashine. Chini ya rangi, kichwa cha ng'ombe, alama ya bucha lake, kilikuwa kinamtazama.

"Samahani, akina mama," aliuliza polepole huku akikunja mikono ya shati. "Mashine hii mlitengenezewa na nani?"

Wakajibu wote kwa pamoja, kwa heshima kubwa:

"Injinia!"