Mota ya Tanuri na Shati Jeupe

Jumatatu, 4 Agosti

Mota ya feni la tanuri imeungua. Pole yake, lakini kwangu ni neema. Bosi ametuita mafundi umeme wote wa kiwanda cha sufuria, yaani mimi na Shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye kazi hii nilimtafutia mwenyewe. Nilijipalia makaa! Bosi kanunua mota ya mtumba. Kibati chake cha maelezo kimeng'oka, hakuna ajuaye inakula umeme wa ampea ngapi. Akasema atakayezijua, akaifungia waya unaoifaa na breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, ndiye mkuu wa umeme. Mwingine atakuwa chini yake.

Mimi chini ya Shemeji! Mtu anayekula mezani kwangu, tena anachagua nyama!

Shemeji akashauri tungoje tanuri liwashwe, tupime feni likiwa kazini. Bosi akakunja uso, maana shule fulani inazililia sufuria zake. Nikachomekea hapo hapo kwamba mimi nitapima kesho asubuhi. Uso ukakunjuka.

Jumanne, 5 Agosti

Nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mkuu lazima afanane na ukuu. Tatizo: feni likiwashwa huku kilango cha hewa kiko wazi, majivu yote ya tanuri humrudia mtu usoni. Basi nikakifunga kilango. Akili hiyo! Mota ikazunguka kwa raha zake, nikabana kipimo kwenye waya. Ampea tisa. Nikafunga waya mwembamba na breka ndogo, kazi ikaisha kabla ya chai. Bosi akanipigapiga bega.

Jioni nikamwambia mke wangu aanze kuniita Mkuu. Akasema kwanza nimkatie vitunguu. Shemeji akauliza kilango kilikuwaje wakati napima. Nikajitia hamnazo, nikamwongeza mchuzi.

Jumatano, 6 Agosti

Tanuri limewashwa. Fundi wa tanuri, mwanamke mwenye sauti ya kufukuzia ng'ombe, akafungua kilango ili moto ushike. Breka ikakata. Nikairudisha. Ikakata. Nikaibembeleza, nikaitukana, ikakata tena. Hadi mchana alumini iliyoanza kuyeyuka ilikuwa imeganda chunguni, na fundi wa tanuri anasema breka yangu ina moyo wa kuku.

Bosi akataka maelezo. Nikamwambia breka za siku hizi ni mbovu. Nikatoa stoo breka kubwa mara tatu, nikaipachika. Waya sikuugusa. Waya uko ndani ya bomba, nani anautazama?

Shemeji alitazama. Akasema waya ule hauwezi kubeba mzigo ambao breka ile itauachia upite. Nikamwambia wivu haumfai kijana.

Alhamisi, 7 Agosti

Breka mpya haikukata! Feni likanguruma, alumini ikawa maji. Nikasimama mlangoni mikono nyuma, kikuu kabisa.

Halafu harufu. Nikamwambia fundi wa tanuri ni mafuta ya kwenye vyuma chakavu. Akauliza tangu lini mafuta yakanuka plastiki. Bomba la waya likaanza kufuka moshi juu ya kichwa chake, naye kashika upawa uliojaa alumini ya moto. Tone la plastiki inayowaka likaanguka kando ya mkono wake. Hakumwaga. Aliutua upawa taratibu, ndipo akakimbia. Mimi nilikuwa nje zamani, mguu niponye. Shemeji ndiye aliyekimbilia ndani kukata swichi kuu.

Niliogopa sana. Nilimwogopea yule mama, na nilikiogopea cheo. Kusema kweli, cheo kwanza.

Bosi akatukusanya. Shemeji hakupandisha sauti.

"Shemeji, ulipopima, kilango kilikuwa wazi au kimefungwa?"

Nikasema nilikuwa na shati jeupe.

Shemeji akamweleza bosi kwamba kilango kikifungwa feni halina hewa ya kusukuma, mota inakaa tu kama mgeni. Kikifunguliwa ndipo inabeba mzigo wenyewe. Akafunga waya mnene, akafungua kilango, akapima huku majivu yakimjaa puani. Ampea kumi na saba. Akachagua breka ya kuulinda waya ule. Tanuri likafanya kazi hadi jioni, na breka ikatulia.

Ijumaa, 8 Agosti

Shemeji ndiye mkuu wa umeme. Fundi wa tanuri alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Nimeumia, sifichi. Nyumbani mke wangu alimpa kaka yake kiti changu, akaniambia nishukuru kwamba hakuna mtu aliyeungua. Nilishukuru. Nyama sikuionja.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkuu amenituma nipime mota ya pampu ya maji. Nifungue kila koki ya maji, niiache ifanye kazi kweli, kisha ndiyo nipime. Amenipa na kipimo chake mwenyewe.

Nimekaa kivulini nikafikiri. Kosa langu nimeligundua: nilipima. Nisingepima, nisingekosea. Macho yangu ya fundi yalikuwa yananitosha tangu mwanzo.

Nimeitazama pampu. Mota yake nene kiasi, haina makuu. Nimemwandikia Mkuu ampea kumi na mbili, nikafunga na waya kabisa. Jumatatu bosi ataona nani anafaa kuwa mkuu.