Foleni ya Mvua Tibirinzi

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Mwezi wa saba tangu niondoke Kaliua.
Mgongo umekufa. Tumechimba mtaro wa mkonga wa intaneti kutoka Wesha mpaka hapa Tibirinzi, na jiwe la Pemba halimhurumii mtu wa bara. Lakini leo Mungu kanikumbuka! Msimamizi wetu, Nabhan, kaniachia boksi la intaneti nilitunze kambini. Kasema majirani watumie bure, maana tumewachimbulia nyua zao. Bure! Watu waliosoma wana maneno ya ajabu.

Jumanne, 5 Novemba.
Nimelichokonoa boksi kwa simu. Ndani mna mahali pa kuchagua nani apite mbele, nani asubiri. Darasa la sita nililoishia limetosha kabisa. Sasa anayeniletea sahani anapita mbele. Asiyeleta akae nyuma. Kufika magharibi nimekula pweza wa nazi wa jirani Haitham, muhogo na mkate wa kumimina. Mimi ni waziri!

Jumatano, 6 Novemba.
Nimepata adui. Widad, mjukuu wa jirani yangu Bi Mwatum. Katengeneza kitu cha simu: mvua ikianza Wesha, binamu yake Hafidh aliyeko huko anabonyeza, na simu za mtaa mzima hapa zinalia ili watu waanue karafuu. Kaja kulalamika kuwa majaribio yake yanafika yamechelewa. Nikamwambia alete sahani. Kauliza, mtaro mmoja, waya mmoja, kwa nini mvua ipange foleni nyuma ya video za Haitham? Nikamjibu Haitham kaleta pweza. Kasema, "Yakhe, kumbe hapa kitu kipya hakizaliwi mpaka kikulishe wewe kwanza!" Nikasema naam, kaelewa.

Alhamisi, 7 Novemba.
Bi Mwatum kaanika karafuu zake zote uani, majamvi yamejaa mpaka mlangoni. Ndizo za kumpeleka Umra. Kaingoja safari hiyo tangu mumewe afariki. Widad kapita bila kunisalimu. Wivu tu.

Jumamosi, 9 Novemba.
Balaa! Leo Chokocho kulikuwa na mchezo wa ng'ombe, vijana wanachezea fahali uwanjani, na watu wangu wa mbele wote wakautazama kwenye simu. Raha tupu. Wesha mvua ikaanza, Hafidh akabonyeza, na habari yake ikasimama nyuma ya ng'ombe. Mvua ilifika kabla ya habari za mvua! Tukakimbia. Jamvi moja la Bi Mwatum likalowa lote. Bibi kasema wazee hawakukosea, ng'ombe wakichezwa mvua huja. Widad kasema si ng'ombe, ni huyu mbara. Mtaa mzima ukanigeukia. Leo sikuona sahani.

Jumapili, 10 Novemba.
Bi Mwatum kaniita. Nilitegemea matusi. Kaniambia kwa upole, "Mwanangu, jamvi moja Mungu kalitaka. Likienda la pili, siioni Makka." Afadhali angenichapa. Nimerudi kambini, nimefuta foleni. Wote sawa, mwenye pweza na asiye na kitu. Imeniuma kama kung'olewa jino.

Jumanne, 12 Novemba.
Ushindi! Ushindi mkubwa! Leo adhuhuri simu zote zikalia pamoja, mpaka ya Haitham aliyelala. Tibirinzi nzima ikatoka na maturubai. Mvua ilipofika, haikukuta hata punje moja nje. Bi Mwatum kaniombea dua mbele za watu, kasema bila boksi langu Umra ingekwenda na maji. Wakulima wa mwani wa Chokocho nao wanamtaka Widad awatengenezee mlio wao. Nikasema tunakaribisha wote. "Tunakaribisha nani?" kauliza Widad. Sikumjali. Shujaa hajibizani.

Alhamisi, 14 Novemba.
Nimetafakari sana na kosa langu nimeliona. Niliweka ng'ombe mbele, kumbe watu wanaogopa mvua zaidi! Kuanzia kesho mlio wa mvua ndio wa mbele, kwa wenye sahani. Wengine wausikie baadaye kidogo, wakishaanza kulowa. Bi Mwatum nitamsamehe sahani, amenifaa kwa dua. Widad akijua ataniua, lakini mtaro unakaribia kwisha. Kaliua wanaanika mpunga, na mawingu ya kule ni makubwa kuliko ya hapa. Narudi kabla ya Ramadhani, na boksi langu mwenyewe. Mke wangu atafute kabati la kuwekea sahani.